Hirizi ya Nahodha wa Salem

Watu wa mtaani kwetu husema mimi muongo. Siwabishii. Kazi hiyo nimeifanya miaka mingi kuliko kazi yoyote niliyolipwa, na nimestaafu kila kitu ila hiyo. Lakini haya ninayoyaandika yalinikuta mwaka 1977, na nitayaandika kama yalivyokuwa, kwa sababu hasira yake ningali nayo, na mtu mwenye hasira hana subira ya kutunga. Kama nitatia chumvi, ni pale tu penye chapwa mno.

Nilikuwa Riyadh, mtunza ghala wa mkandarasi mmoja wa majumba. Mafuta yamepanda bei, nchi nzima inajengwa kwa mkupuo mmoja, kama nyumba iliyoambiwa wageni wako mlangoni. Kule Jidda meli zilipanga foleni baharini mpaka saruji ikawa inashushwa kwa helikopta. Hilo si langu, muulize yeyote aliyekuwepo. Langu ni hili: nilitoka chumbani kwangu mtaa wa Shumaisi kwenda kununua mkate, niliporudi nyumba ya jirani imeongezwa ghorofa mbili, na jirani mwenyewe yumo ndani amelala, hana habari.

Wamarekani walikuja kwa mkataba na kuondoka kwa mkataba, na kila aliyeondoka aliacha vitu, na vitu vyote viliishia ghalani kwangu. Mafeni, magodoro, sufuria za kukaangia mayai yasigande. Siku moja likaja boksi la vitabu, nikaambiwa nikalichome moto. Juu kabisa palikuwa na kitabu kinene kisicho jalada, historia ya Amerika tangu ilipokuwa pwani ya vibanda mpaka ilipojiita dola. Mimi shule niliishia darasa la nane, Unguja, na Kiingereza changu kilikuwa cha kusomea maandishi ya masanduku. Lakini sikulichoma. Kila adhuhuri ghala likifungwa, wenzangu wakalala, mimi hukaa juu ya magunia na kamusi. Niliwasoma wale watu wa mwanzo waliohama kwao kwa ajili ya dini, mia na wawili katika meli moja, wakafika ugenini baridi inaanza, na nusu yao wakafa kabla haijesha. Niliwagombeza kwa sauti.

“Nyie hamkuwa na mzee kwenu? Mtu anahamaje na watoto msimu huo?”

Mpakistani aliyekuwa akilala pembeni yangu alihamisha mkeka wake.

Nikaendelea hivyo miezi, mpaka nikafika ukurasa ulionitoa juu ya gunia. Kitabu kilisema kwamba katika miaka ya elfu moja mia nane thelathini, meli za mji mdogo wa Salem, katika Massachusetts, zilikuwa zikienda Unguja na kitambaa cheupe na kurudi na pembe na sandarusi. Kitambaa kile nakijua. Bibi yangu alikiita merikani mpaka anakufa, na sanda yake ilikuwa hiyo hiyo. Sandarusi naijua, ule utomvu wa miti ya kale uliogeuka jiwe ardhini, Wazungu wakaupikia rangi ya kung'arishia samani. Na mji wa Salem naujua vilevile, kwa sababu ukoo wetu una barua ya nahodha wa Salem.

Barua hiyo alipewa baba wa babu yangu, Jabir bin Juma, dalali wa sandarusi, kwa mkono wa nahodha mwenyewe. Hakuna aliyeisoma. Babu Jabir hakujua Kiingereza, wanawe hawakujua, na wajukuu walipokuja kujua, barua ilikuwa imeshakuwa kitu kitukufu, haifunguliwi ovyo. Mwaka 1964 shangazi yangu, Bi Mwanakhamis, alipotoka Unguja na alichovaa, aliitia barua ile kwenye ngozi, akaishona, akaifunga mkononi. Yeye na wenziwe wakafika Jidda salama. Tangu hapo ikawa hirizi. Mwanamke akishikwa na uchungu, huletewa. Mtu akienda jawazati, ofisi ya pasi, kuomba ikama, kile kibali cha kuishi nchini, huifunga chini ya kanzu. Kwa hesabu ya shangazi, barua ile ilikuwa imezalisha watoto kumi na wanane katika mtaa wa Hindawiya pekee, na kutoa ikama saba.

Sasa, yule profesa.

Alikuja ghalani kutafuta kiyoyozi. Akiitwa Pruitt, mrefu, shingo nyekundu kama aliyetoka kunyongwa akasamehewa. Alikuwa amekuja Riyadh kufundisha miaka miwili, na kwao Amerika kazi yake ilikuwa historia ya hao hao niliokuwa nikiwagombeza. Alinikuta na kitabu mapajani.

“Unakisoma hiki?” akauliza.

“Hapana,” nikamwambia, “nabishana nacho.”

Tukabishana wote mpaka asri, kiyoyozi akakisahau. Akawa anakuja kila wiki na vitabu vyengine. Mwisho akaniambia kwamba chuo chake kina mlango mdogo kwa watu wazima wasio na shahada ya kwanza: mtu akiandika utafiti wake mwenyewe, kamati ikiukubali, anaingizwa moja kwa moja kwenye shahada ya pili, na chumba cha kulala anapewa. Nilikuwa na miaka arubaini na tano, sina mke, sina nchi ninayoweza kurudi kwa raha, na kila siku nahesabu mafeni ya watu. Nikamwambia mlango huo nautaka.

Hapo ndipo mateso yangu yalipoanza. Fomu ilikuja kwa posta kwa wiki sita. Iliuliza shahada ya kwanza nimeipata wapi. Nikaandika: Ghala namba tatu. Ikarudi. Wakaniuliza walimu wangu ni nani. Nikaandika majina ya watu wawili waliokufa kwenye ile meli. Ikarudi. Nikaandika kurasa arubaini kwa mkono juu ya biashara ya Salem na Unguja, nikampa Mgoa wa ofisini azipige taipu, akazipiga kwa mashine isiyo na herufi ya R. Nikazitia R zote mwenyewe kwa kalamu, kurasa arubaini. Profesa akazisoma akatikisa kichwa.

“Bwana Mselem, ni nzuri, lakini kila ulichosema kimeshasemwa na mtu. Kamati itauliza: huyu amegundua nini? Nipe karatasi moja ambayo hakuna mwanahistoria aliyewahi kuitia machoni.”

Nikamwambia habari ya barua ya babu Jabir. Alisimama. Akaketi. Akasimama tena.

“Barua ya nahodha wa Salem? Kwa dalali Mswahili? Ya mwaka gani?”

“Sijui, iko ndani ya ngozi.”

“Basi itoe! Mkataba wangu umekwisha, Jumamosi naruka kutoka Jidda, na kamati inakaa wiki ijayo. Ijumaa niletee hotelini kwangu Jidda, kabla ya magharibi. Lakini iwe karatasi yenyewe, si nakala wala si maneno yako. Niione wino wake, niipige picha kwa mkono wangu, niitie kwenye faili lako. Ukiniletea hiyo, umeingia. Usipoileta, sina la kuwaambia.”

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa, na naomba msomaji ayashike: karatasi moja, Ijumaa, kabla ya magharibi.

Kwanza ilibidi nipate ruhusa. Kafili wangu, mdhamini wa ikama yangu, Abu Fahad, alikuwa mtu mwema, na hakuna kinachochelewesha safari kama mtu mwema. Bila waraka wake siwezi kutoka Riyadh. Nikanywa kahawa yake vikombe vitano kabla ya kufungua mdomo.

“Jidda kuna nini?” akauliza.

“Nataka kwenda kumwona shangazi yangu, baba. Kuna barua, inaweza kunipeleka Amerika kusoma.”

“Amerika?” Alicheka mpaka kahawa ikamwagika. “Ya Mselem, Amerika kuna nani sasa? Si wote wako hapa! Kaa, utawaona.”

Alinisainia Jumatano jioni. Nikakimbilia Batha, kwenye kituo cha mabasi, nikapata kiti cha mwisho katika basi la Jidda, juu ya injini. Kiti kile kilikuwa cha moto kiasi kwamba Myemeni aliyekikalia kabla yangu alikuwa ameshushwa Riyadh ameiva upande mmoja. Alhamisi nikapanda ngazi za nyumba ya shangazi, Hindawiya, natembea kama kaa.

Bi Mwanakhamis alikuwa na miaka themanini, mdogo wa umbo, na sauti inayofika mwisho wa mtaa bila kupaazwa. Alikaa kitandani, hirizi mkononi juu ya kiwiko.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, mwanangu. Umekuja kunitazama au umekuja kutaka kitu?”

“Nimekuja kukutazama.”

“Haya, umeshanitazama. Sema unachotaka.”

Nikamwambia. Nilimwambia kweli yote, jambo ambalo kwangu si la kawaida, na nilitokwa na jasho. Nikamwambia kuna Mmarekani mkubwa wa elimu anataka kuiona barua ya babu Jabir, aipige picha tu, na irudi kwake kabla ya isha, na mimi nitapata kwenda kusoma.

“Na huyo mtu kwa nini asije hapa?”

“Aje humu, shangazi? Mzungu, katikati ya wanawake?”

“Kweli, asije.” Akaishika hirizi. Akaisugua kwa kidole gumba. “Mie babu yangu sikumwona. Kila siku najiuliza yule Mzungu alimwandikia nini. Nimezeeka, Mselem. Nitakufa sijui nilichokifunga mkononi?” Akaniangalia. “Kesho baada ya sala ya Ijumaa, nitaikata. Utaisoma kwa Kiswahili mbele ya watu wetu wote, neno kwa neno. Ukimaliza, uichukue, mpelekee mtu wako, unirudishie. Lakini uisome kweli, usije ukaniletea ngano zako.”

“Wallahi, shangazi.”

Siku ile nilijiona niko Salem tayari.

Ijumaa nyumba ilijaa. Wanawake chumbani wamejitanda kanga, wanaume ukumbini, na walioshindwa kupata pa kukaa wako kwenye ngazi. Biriani imepikwa kama ya arusi. Wahida, mjukuu wa shangazi, ambaye ndiye fundi wa kushona wa mtaa, alikata nyuzi kwa wembe. Ndani ya ngozi ya kwanza palikuwa na ngozi ya pili, na ndani yake kitambaa cha merikani, na ndani yake karatasi, imekunjwa mara nane, rangi ya chai ya maziwa. Wanawake wakasoma salawati. Mimi nikaikunjua juu ya mto. Tarehe ilikuwepo: mwezi wa tatu, mwaka 1839. Chini jina la nahodha na la meli yake. Mwandiko safi kabisa.

Nikaisoma kimyakimya kwanza. Nayaweka hapa maneno yake kwa Kiswahili, na haya sikuyatunga.

“Kwa nahodha yeyote wa Salem atakayetia nanga hapa. Anayekuletea barua hii anaitwa Jabir. Ameniomba nimwandikie sifa zake, nami namwandikia. Ni muongo mkubwa kuliko wote niliokutana nao tangu nizaliwe, na nina mashemeji mawakili. Sandarusi yake nusu ni mchanga, na nusu iliyobaki ameshamuuzia mtu mwengine. Kila siku amenihadithia kisa kipya cha vile alivyopoteza vidole viwili, na vidole anavyo vyote kumi. Usinunue kwake kitu. Lakini ikikupasa kungoja mzigo wiki tatu, mwite akae nawe sitahani, maana bila yeye ningekufa kwa uchovu wa moyo.”

Jamani! Kwa mwanahistoria, barua ile ni dhahabu tupu. Nilimwona profesa akisimama na kuketi mara kumi. Nikainua kichwa nianze kuisoma.

Nikakutana na macho ya shangazi. Alikuwa amepaka wanja. Miaka themanini, na siku ile alikuwa amejipaka wanja, amevaa kanga mpya, ameketi wima kama mtoto anayengoja kuitwa jina lake mbele ya shule. Nyuma yake wamekaa wanawake waliozaa na karatasi ile mkononi, na mwengine ana mtoto mwenyewe mapajani.

Nadhani mtu mkweli angeweza kukwama pale, akakohoa, akaomba maji. Muongo hakwami. Ulimi wangu uliondoka peke yake, mimi nikaufuata nyuma.

“Kwa wote watakaoiona barua hii,” nikasoma, “salamu. Huyu aliyeishika ni Jabir bin Juma, mtu wa kweli, ulimi wake ni mizani. Nimezunguka bahari zote sikuona mwaminifu mfano wake. Sandarusi yake ni safi, ukiitazama unaona mpaka kesho.”

“Allah!” akasema mtu ukumbini.

“Nilipougua homa alinilaza kwake akaninywesha uji kwa mkono wake.”

Wanawake wawili wakaanza kulia. Nikanogewa. Ningeishia pale, leo ningekuwa daktari wa historia na nyie mngekuwa mnanisoma kwa Kiingereza. Lakini mawazo yangu yote yalikuwa kwenye ule mlango wa chuo, na yaliyomo moyoni yakatoka.

“Na yeyote atakayeishika barua hii, awe mwanawe, awe mjukuu wa mjukuu wake, milango ya Amerika iko wazi mbele yake, ajue anaingia kwao.”

Zikapigwa vigelegele mpaka walio mtaani wakadhani kuna arusi. Shangazi akafuta machozi, wanja ukamshuka mashavuni. Nikamwacha apumue, kisha nikaikunja karatasi taratibu na kuipeleka kuelekea mfukoni.

“Unaipeleka wapi?” akauliza.

“Kwa profesa, shangazi. Kama tulivyokubaliana. Asri imeshaingia.”

“Lete.”

“Shangazi...”

“Lete barua yangu, Mselem! Una wazimu? Barua inayofungua milango ya Amerika, uichukue ukampe Mmarekani? Si ataifunga!”

Wote wakaitikia. Bibi mmoja akasema, “Wakishaona waliandika maneno hayo wataikana, wataichana.” Mwengine akasema itumike kumpeleka mwanawe Amerika kwanza. Mzee mmoja ukumbini akapendekeza iundwe kamati. Mimi saa naiona ukutani, kumi na robo, na hoteli iko upande wa pili wa mji.

Nikasimama katikati ya chumba.

“Sikilizeni. Nimewadanganya. Barua haisemi vile.”

Nikaikunjua karatasi tena.

“Inasemaje?” shangazi akauliza.

Nikawasomea ya kweli. Neno kwa neno, pamoja na mchanga, pamoja na vidole. Kwa mara ya pili katika siku mbili nasema kweli mbele ya ndugu zangu, na nadhani ndiyo iliyonimaliza, haikuwa na mazoezi.

Shangazi hakupaaza sauti. “Wewe,” akasema. “Kwa ajili ya chumba cha kulala huko Amerika, unamtukana baba wa babu yako kaburini.”

“Shangazi, imeandikwa!”

“Nani asiyekujua? Si wewe uliyetwambia umeona nyumba imeongezwa ghorofa mbili kabla mkate haujapoa? Umeona tumekukatalia, umegeuza.”

“Basi mwiteni mtu mwengine anayejua Kiingereza! Mwiteni yule wa juu!”

Wa juu alikuwa Christopher, Mkenya, fundi wa mitambo ya eksirei katika hospitali moja ya pale Jidda, Mkristo, mtaratibu, Kiingereza chake kinatembea na tai. Nilifurahi. Nilijua huyu hana ukoo wa kulinda. Aliletwa, akasimama mlangoni, akavua viatu, akapewa karatasi. Akaisoma. Niliona midomo yake ikitaka kucheka pale penye mawakili. Akarudi mwanzo wa karatasi, akaisoma tena. Kisha akainua macho, akamwangalia mkewe, Asumpta, aliyekuwa amekaa miongoni mwa wanawake na mtoto wake mchanga begani.

“Ee, Christopher mwanangu?” shangazi akamwambia. “Huyu amesoma mara mbili, na kila mara ni mambo mengine. Ipi ndiyo?”

Christopher akakunja karatasi kwa makini, kwa mikunjo yake ile ile ya zamani, akaishika kwa mikono miwili akampa.

“Mama,” akasema, “ni vile alisema mara ya kwanza.”

Vigelegele tena. Mimi nilimfuata ngazini viatu mkononi.

“Bwana Christopher, wewe unajua kusoma!”

“Najua, mzee.”

“Umeona mchanga? Umeona vidole?”

“Nimeona. Hiyo ni barua moto sana, hata mimi ningependa copy.” Akashuka ngazi moja kunisogelea, akapunguza sauti. “Lakini sikia, mzee wangu. Sisi tulipoteza watoto wawili. Huyu wa tatu Asumpta alimzaa na hiyo kitu kwa mkono, mama yenu alikuja kuifunga mwenyewe, akakaa hospitali siku nzima kwa kiti. Sasa niende niwaambie nini? Ati ilikuwa ni karatasi ya mwizi? Pole. Siwezi.”

Kule ndani Wahida ameshatia uzi sindanoni; nikavaa viatu pale pale ngazini, nikaenda kutafuta teksi.

Nilifika hotelini magharibi inakaribia, kwa teksi, na njiani niliyaandika maneno ya barua, kwa Kiingereza chake, nyuma ya waraka wa ruhusa wa Abu Fahad, yote, kabla hayajanipotea. Profesa alikuwa amekwisha tayarisha kamera mezani, na taa mbili, na kitambaa cheusi cha kuilazia karatasi. Aliponiona mikono mitupu alikaa. Nikampa nilichoandika.

Alicheka mpaka akavua miwani. Alipofika kwenye vidole kumi alipiga meza. Kisha akaisoma tena polepole, na nikaona uso wake unafungwa.

“Bwana Mselem, karatasi yenyewe iko wapi?”

“Wameishona.”

“Wameishona?”

Nikamweleza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mwenyewe: shangazi mwenye wanja, hirizi iliyozalisha watoto kumi na wanane, Mkenya aliyesoma barua akaikana kwa ajili ya mtoto wake. Kweli tupu, na kila neno lilitoka likinuka uongo. Profesa alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

“Ni kisa kizuri,” akasema. “Nakipenda sana. Lakini barua hii... sikiliza inavyosema. Hizi mbwembwe, hawa mashemeji mawakili. Bwana Mselem, sauti hii ni yako.”

“Si yangu! Ya nahodha!”

“Nitaipelekeaje kamati?”

Akanipa nafasi mpaka saa mbili asubuhi, ndege yake inaondoka saa nne. Nilirudi Hindawiya mbio. Nilidhamiria kupiga magoti, na nilipiga. Shangazi alikuwa keshajinyoosha kitandani, mkono wake mtupu. Kwa mara ya kwanza tangu niijue hirizi ile, haikuwepo mkononi mwake.

“Iko wapi?”

“Wahida kaishona upya, ngozi tatu sasa. Wamekuja kuiazima watu wa Makka, kuna mwanamke wao kashikwa na uchungu tangu jana. Walisikia ilivyosomwa.” Akanipapasa kichwa, hasira zimemwisha. “Inuka, mwanangu. Ulisoma vizuri ile mara ya kwanza. Kama babu yako mwenyewe.”

Mwanamke wa Makka alijifungua mapacha. Profesa aliruka. Jibu la kamati lilikuja baada ya miezi mitatu, mistari minne, wanasikitika. Nililitia kwenye kile kitabu kisicho jalada, pale penye ukurasa wa wale waliokufa kwa baridi, nikarudi kuhesabu mafeni, nikayahesabu miaka kumi na mmoja.

Salem nilikwenda hatimaye, uzeeni, na kundi la watalii, saa tatu tu. Nilitembea bandarini, nikagusa ukuta wa ghala moja kuukuu. Mlinzi akaniuliza kama nimepotea. Nilitaka kumwambia, nikamtazama uso wake, nikaona kazi ya kuaminiwa itakuwa ile ile.

Shangazi alikufa na hirizi mkononi, kisha ikaenda kwa Wahida, na ngozi sasa ni tano. Haifunguliwi. Lakini kila ikifika arusi ya ukoo, Jidda, Maskati, popote, huitwa mimi kusimama kuisema barua ya babu Jabir kwa moyo, kwa kuwa ndimi niliyeisoma mbele ya watu. Nimeisema mara arubaini na kitu, ile ya uongo, na wameishika kuliko mimi. Nikipunguza neno wananirudisha. Mwaka jana, arusi ya Mashavu, mtoto wa Wahida, nilichoka, nikafupisha, nikafika kwenye milango ya Amerika, nikataka kukaa nile.

“Babu Mselem!” akaita bibi arusi mwenyewe kutoka kwenye kiti chake. “Umeruka pale pa farasi.”

“Farasi gani?”

“Yule ambaye nahodha alimpa babu Jabir. Mweupe.”

Mimi farasi sijawahi kumtia. Nilisimama pale na sahani yangu ya pilau, watu mia mbili wananingoja, na hakuna hata mmoja ambaye angeniamini nikisema farasi hayumo.

“Haya,” nikasema. “Mweupe, au alikuwa na baka kidogo pajani?”